Kichwa cha Mbuzi Kwenye Picha ya Harusi

14 Septemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo, ile inayoteremsha udongo mwekundu mpaka barabarani na kugeuza viatu vyote vya Bukavu kuwa rangi moja. Naanza kuandika kwa sababu nyumbani kwetu siku hizi anayeongea ni mtu mmoja, ndiyo mimi, na hata mimi nimeanza kuchoka kujisikiliza.

Mambo yako hivi. Mwishoni mwa Agosti mke wangu Delphine alikuwa anasonga bugali, mwiko ukamtoka mkononi, naye akaufuata chini. Kiharusi. Mguu umesharudi, mkono wa kulia unarudi kwa madaha kama bibi harusi. Maneno ndiyo hayajarudi. Anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Ukimdanganya unaliona jicho lake. Ila akifungua kinywa inatoka "ta, ta, ta", halafu anakifunga kwa hasira.

Na huyu ni mwalimu! Miaka yote tangu tuoane amefundisha darasa la sita la primaire kwa masista, hapa Ibanda. Sauti yake ilikuwa inavuka ukuta wa shule na kumfikia muuza karanga ng'ambo ya barabara. Jana Sista Nathalie, mkurugenzi, alikuja kumwona. Alisema kwa upole lakini alisema: amepata mwalimu wa muda, na darasa litamngoja Delphine mpaka masomo yatakapoanza tena Januari. Baada ya hapo yule wa muda atakuwa wa kudumu.

Delphine aliitikia kwa kichwa. Sista alipotoka, aligeukia ukuta na hakula jioni.

17 Septemba

Shemeji yangu Marie-Louise ameshuka kutoka Nyangezi na gunia la viazi na kuku mmoja, kuja kumtunza dada yake. Ameniangalia juu mpaka chini.

"Papa Joviale," akasema, kwa jina la binti yetu, "umekonda."

"Ni huzuni, shemeji."

"Hapana, ni kupika yako."

20 Septemba

Leo tumekwenda hospitali kwa Fabien, kijana mpole anayefundisha watu kuongea upya. Amesema vitu viwili. Cha kwanza, tumpe Delphine puzzle, zile picha zilizokatwa vipande ambazo mtu anaziunganisha: zinaupa mkono mazoezi, zinaamsha macho, na akishika kipande anajaribu kukitaja.

Cha pili alikisema akinitazama mimi.

"Papa, usimumalizie neno. Hata akikaa nalo dakika tano. Ni lake, mwachie."

Nilimwambia nimeelewa. Nilivyotoka nje nilimmalizia mlinzi wa getini sentensi yake.

23 Septemba

Nimezunguka Kadutu nzima kutafuta puzzle. Nimepata boksi moja tu: ngome ya wazungu ndani ya theluji, vipande mia tano. Delphine alikitazama kipande kimoja cheupe, akakitazama cha pili cheupe, kisha akanitazama mimi. Hakuhitaji maneno.

24 Septemba

Sasa hapa lazima nijieleze, maana wajukuu watakaosoma hawatanijua kazini.

Ninafanya kazi katika shirika dogo linalogawa mbuzi kwa vyama vya wakulima. Kazi yangu ni kuandika ripoti na kutengeneza slaidi. Na mimi, katika miaka yangu yote ya ofisi, nina ujuzi mmoja tu ambao hakuna anayenishinda: kuchora vipande vya puzzle ndani ya PowerPoint. Vipande vinne, rangi nne: wakulima, serikali, wafadhili, shirika. Vinaingiliana katikati, na chini naandika "Tushirikiane". Nimeuweka mchoro huo kwenye ripoti ya mbuzi, ya maharage, ya choo. Hakuna aliyewahi kuutazama mara mbili. Directrice wetu, mkuu wa ofisi, Carine, ambaye angeweza kuwa binti yangu, huniita Monsieur Puzzle, na sidhani ni sifa.

Leo nikiwa kanisani, katikati ya mahubiri, ilinijia: Anaclet wewe, mjinga, unatafuta nini Kadutu?

27 Septemba

Nimefanya! Naandika namna yake nisije nikasahau. Unaweka picha kwenye slaidi. Juu yake unachora maumbo: miraba, na kwenye pande zake miduara midogo, mmoja unatoka kama kichwa, mwingine unaingia kama shimo. Kisha unabonyeza picha kwanza, halafu maumbo, halafu "Fragmenter". Picha inapasuka vipande, kila kipande na kichwa chake na shimo lake. Lazima picha ianze. Ukianza na umbo, unapata vipande vya bluu tupu, picha yako imepotea. Mimi nilianza na umbo mara nyingi kiasi kwamba naogopa kuandika.

Picha ya kwanza: ziwa kutoka kibarazani kwetu. Vipande kumi na viwili, vikubwa, nimechapisha kazini juu ya karatasi ngumu na kukata kwa mkasi.

29 Septemba

Ameliunganisha ziwa lote kwa mkono wa kushoto. Hakutaja kitu. Alipomaliza alilisukuma pembeni kama sahani tupu.

2 Oktoba

Puzzle ya soko. Kimya.

5 Oktoba

Puzzle ya kanisa. Kimya. Mvua.

8 Oktoba

Leo jioni Marie-Louise alianza rozari, na katikati ya Salamu Maria ya pili, mimi nikiwa nimesinzia kidogo, nikasikia sauti mbili badala ya moja. Delphine alikuwa anasali. Maneno yote, moja baada ya lingine, safi kabisa, mpaka Amina.

Marie-Louise alirusha mikono juu. "Nyamuzinda wangu, Mungu wangu! Dada amepona!"

Binti yetu Joviale, anayesoma uuguzi, alitoka chumbani akilia. Mimi nililia zaidi ya wote, sifichi. Jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Kisha Marie-Louise akamuuliza, "Dada, unataka chai?" Delphine akafungua kinywa. Ta. Ta, ta. Akafunika uso kwa kitenge.

9 Oktoba

Fabien anasema ndivyo ilivyo. Sala na nyimbo ziko mahali pengine kichwani, zinatoka zenyewe kama maji ya bomba. Kuomba chai ni kuchota kisimani. "Ni dalili nzuri," alisema. Marie-Louise hakumwamini. Anaona Bikira Maria amefanya sehemu yake, sasa ni zamu ya hospitali, nayo inachelewa.

Miezi mitatu imebaki kufika Januari, na sisi tuko kwenye "ta".

16 Oktoba

Nimeamua kutumia silaha kubwa: picha yetu ya harusi. Mimi na suti ya kukodi na nœud papillon, ile tai ya kipepeo, yeye na gauni ambalo mama yake alishona. Nimeikata vipande kumi na viwili.

Kazini nako alhamisi tunapokea mfadhili, kwa hiyo usiku huu natengeneza pia puzzle ya mbuzi wa Nyangezi, vipande kumi na viwili, kwa kalibu ileile. Faili mbili zimefunguliwa pamoja, nakata huku nabandika kule, betri inakwisha, umeme hakuna, Joviale anaita chakula kimepoa. Nimefunga haraka. Nadhani kila kitu kiko sawa.

19 Oktoba

Kila kitu hakikuwa sawa. Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Asubuhi nilichapisha harusi ofisini, nikampa Joviale aipeleke nyumbani akaikate. Sikuitazama, nilikuwa nafunga tai. Saa nne mfadhili akafika, mama mmoja mrefu asiyecheka, pamoja na wakubwa wa serikali wawili na wajumbe wa vyama vya wakulima. Carine akafungua mkutano, akanipa nafasi. Nikaanza.

Slaidi yangu ya tisa ilikuwa fahari yangu. Vipande vya mbuzi vinaingia kimoja kimoja kutoka pande zote za ukuta na kukaa mahali pake, na mimi nasema, kwa sauti ya redio: "Na sasa, tazameni beberu wetu bora, aliyeboresha kizazi cha Nyangezi nzima."

Kipande cha mwisho kikaingia. Mlima ulikuwepo, majani yalikuwepo, mwili wa beberu ulikuwepo, umesimama vizuri kwa miguu minne. Juu ya mwili huo, na nœud papillon, nikitabasamu kama siku nilipooa, nilikuwa mimi.

Kisha mkulima mmoja wa nyuma akasema, "Kumbe ni huyu!" na chumba kizima kikaangua kicheko. Mkubwa mmoja wa serikali alitoka nje kukohoa. Mama mfadhili alivua miwani akafuta machozi. Carine alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza, mabega yanacheka.

Lakini mimi sikucheka, maana wakati huohuo nilikuwa nimeelewa jambo la pili. Kama kichwa changu kiko hapa, kichwa cha beberu kiko wapi?

Kiko nyumbani. Mezani. Mbele ya mke wangu mgonjwa, kwenye picha ya harusi yake.

"Samahani, directrice," nilisema, "nina dharura ya familia."

"Nenda, Papa Anaclet," alisema Carine bila kuinua uso. "Na mbuzi wako nenda naye."

Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi. Mvua ya mawe ilikuwa inanyesha. Njia nzima niliiona: Delphine analia, Delphine anadhani namfanyia mzaha, Delphine anapata kiharusi cha pili na mimi ndiye niliyekichapisha, tena kwa rangi. Dereva alinigeukia: "Papa, uko nasali?" Nilikuwa nasali.

Mlangoni nilimkuta Marie-Louise amesimama, mikono kiunoni.

"Umemufanya nini dada yangu?"

"Analia?"

"Ingia uone."

Delphine alikuwa ameketi mezani. Picha ilikuwa imekamilika mbele yake: gauni la mama yake, maua, mashahidi, na pembeni yake bwana harusi, suti nadhifu, pembe mbili na ndevu. Alikuwa ameikamata kalamu yake nyekundu kwa mkono wa kushoto na amekipiga kile kichwa msalaba mkubwa, kama anavyofanya kwenye daftari za watoto. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilipiga magoti, maji yananitiririka.

"Maman Joviale, unisamehe, ni ordinateur, ile kompyuta, nilichanganya, ni mambo ya kazi, sikutaka..."

Alinitazama. Alitazama picha. Alinitazama tena. Kinywa kikafunguka, nikaiona "ta" inakuja, nikataka kumsaidia, nikakumbuka Fabien nikauma ulimi. Akaweka kidole juu ya pembe.

"Mmm," akasema. "Mmm... bu. Mbu. Mbuzi."

Kisha kidole kikatoka kwenye picha kikaja kifuani kwangu.

"Mbuzi."

Alikuwa anacheka. Yale mabega yalikuwa kicheko. Marie-Louise akanipiga mgongoni kwa furaha nusura niangukie meza. Joviale akapiga simu kwa Fabien. Mimi nilibaki magotini, nimelowa, nimetukanwa na mke wangu kwa mara ya kwanza tangu Agosti, na sijui kama harusi yenyewe ilinipa furaha kama hii.

20 Oktoba

Ametamka "mbuzi" mara nyingi leo. Kila mara ni mimi.

Kazini Carine ameniambia mfadhili ameuliza jina langu na kuomba mkutano ujao usikose slaidi zangu. Sijafukuzwa. Nimekaa dakika kumi chooni kushukuru.

23 Oktoba

Fabien amelifikiria jambo hili. "Ni mwalimu," alisema. "Ukimupa kitu sawa, anafanya nini nacho? Hakuna. Ukimupa makosa, hawezi kuyaacha. Papa, umuletee makosa."

Basi, mtu aliyeishi maisha yote akikosea bila kukusudia sasa ameagizwa na hospitali akosee.

28 Oktoba

Puzzle ya ziwa, lakini pikipiki inatembea juu ya maji. Alama nyekundu. "Hapana."

1 Novemba

Watakatifu Wote. Puzzle ya chumbani: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaanikwa juu ya kitanda chetu. Amekaa nayo muda mrefu, ulimi unatafuta. "Hapana. Haiko... haiko pale." Maneno matatu! Marie-Louise amechinja kuku wake wa Nyangezi.

6 Novemba

"Ni ya nani hii?" niliuliza. Puzzle ya padri kanisani, ameshika mkoba wa kike. "Ya Ma... ya Marie-Louise!" akasema Delphine. Na kweli ulikuwa wa shemeji, niliupiga picha kwa siri. Shemeji hajaongea nami mpaka sasa. Mmoja anapona, mwingine ananyamaza.

11 Novemba

Mvua, mvua. Ukuta wa jirani umeshuka, hakuna aliyeumia. Delphine alikwenda dirishani akasema mwenyewe, bila puzzle, "Ukuta."

18 Novemba

Hapa ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa nimejaa fahari, nikajaa mpaka nikamwagika. Jumamosi shirika letu la kiparokia, zile familia za mtaa zinazosali pamoja, lilikuwa linasali kwetu. Nilileta projecteur ya ofisi bila kumwambia mtu. Baada ya sala nikasema, "Bapendwa, mutaona maajabu." Nikatundika shuka ukutani, nikaanza kurusha puzzle: pikipiki ziwani, sambaza kitandani. Watu wakacheka. Kila picha nilimgeukia Delphine kama mtangazaji: "Maman Joviale, makosa iko wapi?"

Alijibu ya kwanza. Ya pili akajibu kwa sauti ndogo. Watu wakapiga makofi, kama wanavyompigia mtoto anayetembea. Ya tatu nilirusha harusi. Kelele zikaruka hadi darini. Nikasema, "Sasa muambie huyu ni nani!"

Watu ishirini walikuwa wanamtazama. Alifungua kinywa. Ta. Ta, ta, ta. Mama mmoja wa nyuma, mwenye moyo mzuri, akamsaidia: "Mbu... mbu..." Wengine wakaitikia, mbu, mbu, kama wimbo.

Delphine alisimama, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Watu walipoondoka, Joviale alikuwa anakunja shuka. Hakuniangalia.

"Papa, ulikuwa unafurahisha nani?"

Nilikunja waya wa projecteur, nikaukunjua, nikaukunja tena.

19 Novemba

Kimya.

21 Novemba

Kimya. Hata rozari anasali moyoni. Vipande vyote amevitia katika boksi la ngome ya wazungu na kulisukuma chini ya kabati.

24 Novemba

Nilimwomba msamaha asubuhi, kabla ya kazi. Niliandaa hotuba ndefu. Nilipofika nusu aliinua kiganja, kama askari wa barabarani. Niliacha. Nadhani hotuba ndiyo iliyokuwa kosa lenyewe, likirudi na nguo mpya.

Nimekuwa nafikiri njiani. Nilidhani tangu Septemba naifanya kazi hii kwa ajili yake. Sehemu kubwa nilikuwa naigeuza kuwa ukumbi wangu wa maonyesho. Huyu mwanamke alisimama mbele ya watoto hamsini kila siku na hakuwahi kumwita mtoto anayebabaika mbele ya wageni. Alikuwa anamwita pembeni, chini ya ngazi. Mimi niliyaona hayo miaka yote nikimngoja getini, nikadhani ni upole tu. Ilikuwa ujuzi.

27 Novemba

Marie-Louise ameniwekea nyama kwenye sahani. Naona ameanza kunisamehe.

30 Novemba

Leo nimerudi mapema, umeme upo. Niliikuta ordinateur imefunguliwa mezani na Delphine ameketi mbele yake, mkono wa kushoto juu ya kipanya. Kwenye slaidi kulikuwa na picha ya darasa lake la mwaka jana, watoto na sare zao mbele ya ngazi. Joviale alikuwa amemwekea picha na kuondoka.

Alikuwa anachora miduara. Mibaya, mingine kama mayai, mingine kama viazi vya Nyangezi. Nikavuta kiti mbali kidogo. Akachagua umbo. Kisha picha. Nikaliona kosa linakuja kama mtu anavyoona lori lisilo na breki, na nikakaa juu ya mikono yangu, kweli, nilikalia mikono. Akabonyeza. Watoto wote wakageuka bluu tupu.

Alitazama ile bluu. Akashusha pumzi. Akageuka kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu ile jumamosi akanitazama usoni.

"Nini..." Akakwama. Kuku wa jirani walipita dirishani, mvua ikaanza, ikakoma. "Nini... kwanza?"

"Picha," nilisema. Neno moja tu! Ningeweza kusema mia.

"Picha kwanza," akasema.

"Picha kwanza."

Akafuta, akaanza upya. Picha ikapasuka vipande vizuri. Alianza kuvisogeza kimoja kimoja kwa kipanya, na kila kichwa cha mtoto kilipopita alikitaja. Si vyote. Zagabe alitoka haraka. Lucie alikaa sana mlangoni kisha akatoka. Mmoja, mvulana mwenye masikio makubwa, hakutoka kabisa, alimgusa kwenye kioo kwa kidole, akamrudisha mahali pake, akasema, "Kesho."

Mimi nilikwenda jikoni kumenya viazi. Marie-Louise aliniuliza kwa nini nalia, nikasema vitunguu. "Vitunguu viko wapi?" akasema.

4 Desemba

Yule mwenye masikio ni Gaston. Ameniamsha kuniambia.

10 Desemba

Siku hizi anatengeneza mwenyewe. Mimi ni fundi wa kuchapa na mkasi. Nikitoa maoni ananionyesha kiganja.

15 Desemba

Ameunganisha "Maharage haina chumvi" bila kusimama. Marie-Louise, aliyepika maharage, amefurahi na kukasirika kwa wakati mmoja. Sijawahi kuona uso unafanya hivyo.

25 Desemba

Noeli. Misa, mvua, mchele, amani. Amemwambia Joviale "Mu... mutoto wangu" na Joviale ameshindwa kula.

2 Januari

Marie-Louise amerudi Nyangezi na gunia tupu. Kwenye gari aliniambia kupitia dirisha, "Papa Joviale, uko mbuzi muzuri." Nimepokea.

Sista Nathalie ametuma ujumbe: tuje kesho kutwa. Atazungumza na Delphine, kisha ataamua kuhusu darasa. Delphine amepiga pasi kitenge chake cha kazi mara mbili. Mimi nimesafisha viatu, vyake na vyangu. Sentensi zake bado zinachechemea. Siku akichoka zinalala njiani. Fabien amesema kweli bila kupamba: "Anaweza kuanza masaa machache. Kama watamungojea."

4 Januari

Ofisi ya Sista ni ndogo, ya mabati, na mvua ilikuwa juu yetu kama ngoma. Sista alitupa viti. Yule mwalimu wa muda alipita nje na vitabu kwapani, kijana mwenye adabu, akatusalimia. Delphine alimjibu vizuri. Nikaona Sista ameona.

Akampa ukurasa asome. Delphine alisoma. Polepole, kidole kikitangulia, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mara mbili alisimama. Mara mbili aliendelea. Mimi nilikuwa nimevua kofia na kuisokota mpaka haikuwa kofia tena.

Sista akafunga kitabu. Hakutabasamu, hakukunja uso. Akauliza:

"Maman Delphine, uniambie kweli. Kwa darasa kuko kazi mingi, batoto hawana huruma. Pa nyumba uko na kitulizo. Ni nini unatamani huku?"

Delphine akafungua kinywa. "Natamani..."

Kidole chake kikapita juu ya kitenge.

"Natamani... ke..."

Nikajua mara moja hatafika. Kengele, nikafikiri, kesho, keki, sijui nini, maneno kumi yalipanga foleni kwenye ulimi wangu. Sista alitazama saa ukutani, si kwa ubaya. Sikuweza.

"Anatamani kengele, Sista, kengele ya shule, anaipenda sana, asubuhi kila..."

"Anaclet."

Hakupaza sauti. Lakini ilikuwa ile sauti, ile ya kumfikia muuza karanga. Hata mwalimu wa muda alisimama huko nje.

"Acha," akasema Delphine. "Niko natafuta."

Nikaacha. Sista akaacha kutazama saa; aliweka mikono yake miwili juu ya meza na kungoja, na mimi nikaweka yangu juu ya magoti na kungoja. Mvua ikapiga mabati. Delphine hakuwa na haraka wala hofu. Macho yake yalikuwa yanatembea mahali fulani ambapo sisi wawili hatuwezi kuingia, anafungua kabati moja, anafunga, anafungua lingine, mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Kisha nikaona amelipata neno, kabla hajalisema.

"Kelele," akasema. "Kelele ya batoto."

Sista Nathalie alikohoa kidogo, akatafuta leso ambayo haikuwepo mfukoni.

"Kelele iko, maman," akasema. "Iko mingi. Uanze jumatatu, masaa mbili kwa siku, yule kijana atabaki pembeni yako mpaka utachoka naye."

Tukatoka nje. Nilifungua mwavuli. Tulitembea mpaka getini bila mimi kusema chochote, na nilipogeuka kumtazama kama anahitaji mkono, alikuwa ananitazama yeye, kwa huruma nyingi.

"Sasa," akasema, "uongee kidogo. Utapasuka."